Maswali ya Wasomaji: Nani Anaiwekea Dhamana Akili Unde?

Safari hii mfuko wa barua umejaa jambo moja tu, akili unde, au akili mnemba kama wengine wenu mnavyoiita. Tumechagua barua nane na kuzifupisha pale zilipokuwa ndefu. Wanaojibu ni wanasheria wa ulinzi wa taarifa binafsi na wakaguzi wa mifumo wanaoandikia safu hii.

Mimi na mdogo wangu hatuelewani. Yeye huiuliza programu ya mazungumzo kila kitu, kuanzia dawa hadi sheria, na jibu likitoka kwake limekuwa hukumu. Mimi siamini hata tarehe inayonitajia. Nani mwenye haki?
*Kaka Mkubwa*

Hakuna, kaka. Nyote wawili mnaipima mashine kwa jumla, ilhali inayopaswa kupimwa ni kazi moja moja.

Hampo peke yenu. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Melbourne na kampuni ya KPMG walitoa utafiti uliohoji watu zaidi ya 48,000 katika nchi 47. Asilimia 46 walisema wako tayari kuiamini mifumo hii, lakini asilimia 66 walikuwa wakiitumia mara kwa mara. Kwa hiyo wapo wengi wanaoitumia bila kuiamini. Na kati ya wanaoitumia kazini, asilimia 66 walikiri kutegemea majibu yake bila kuyahakiki. Hilo linatutia wasiwasi kuliko ugomvi wenu.

Modeli ya lugha, yaani injini ya programu hizi za mazungumzo, haichomoi jibu kutoka kwenye rafu. Inakadiria kipande cha neno kitakachofuata, kisha kingine, kisha kingine, kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyofundishwa. Ndiyo maana hukosea kwa ufasaha ule ule inaotumia kupatia. Huharibika zaidi panapotakiwa kitu kimoja kamili kisicho na mbadala, kama nambari ya kesi, kifungu cha sheria, kipimo cha dawa au jina la mwandishi. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho ya New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, kwa kuwasilisha maamuzi ya mahakama yaliyobuniwa na ChatGPT. Faini yenyewe ni ndogo. Cha kushangaza ni namna walivyohakiki: waliiuliza programu ile ile kama kesi zile ni za kweli, ikawajibu kuwa ni za kweli. Shahidi alithibitishwa na yeye mwenyewe.

Mdogo wako na ajiulize, kabla ya kuuliza, kama kulihakiki jibu ni rahisi kuliko kulitafuta. Kunyoosha barua, kufupisha waraka ulio nao mkononi, kupata mawazo ya kuanzia, hapo kosa linaonekana kwa macho. Kipimo cha dawa ya mtoto hakimo humo kabisa. Tarehe na vifungu vihakikiwe kwenye chanzo chenyewe, kamwe si kwa kurudia swali kwenye programu hiyo hiyo.

Barua zilizosalia zinahusu jambo jingine. Kumwamini mtu ni moyo wako. Kumwekea mtu dhamana ni lazima pawepo atakayelipa akikimbia. Sheria ya akili unde karibu yote ni ya hilo la pili.

Niliomba mkopo kwa simu, na sekunde chache baadaye nikajibiwa kwamba ombi halikufanikiwa. Nilipopiga kuuliza, nikaambiwa "ni mfumo". Nina haki gani?
*Aliyekataliwa na Mfumo*

"Ni mfumo" halijawahi kuwa jibu la kisheria. Mfumo una mwenyewe, na huyo ndiye unayemdai maelezo.

Watu wengi wakisikia neno akili unde hukimbilia kutafuta sheria mpya ya akili unde. Kwa kesi kama yako, silaha kawaida iko kwenye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Ile ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 25 Mei 2018, ina kifungu cha 22 kinachompa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hata hali hizo zikiwepo, kwa kawaida unabaki na haki ya kuomba binadamu aingilie na wewe usikilizwe. Kenya ina kifungu cha 35 kinachofanana na hicho katika sheria yake ya 2019. Brazil nayo, katika kifungu cha 20 cha sheria yake ya 2018, inaruhusu kuomba uamuzi upitiwe upya, ila sharti la kwamba mpitiaji awe binadamu liliondolewa mwaka 2019. Kwa maneno mengine, mashine inaweza kusikiliza rufaa dhidi ya mashine. Soma sheria ya nchi yako hadi nukta ya mwisho.

Sasa kazi yenyewe. Barua ya kwanza usilalamikie uamuzi. Omba nakala ya taarifa zako zote, zilikotoka, na tarehe ya kila moja. Tunaanza hapo kwa sababu kosa mara nyingi liko kwenye taarifa kabla hata ya kufika kwenye hesabu. Deni lililokwishalipwa bado linaonekana liko wazi, mtu mwenye jina kama lako ameunganishwa nawe, au namba ya simu uliyopewa ilikuwa ya mtu aliyekimbia madeni. Makosa ya aina hiyo husahihishwa bila kubishana na hesabu yoyote.

Barua ya pili iulize kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, ni taarifa zipi zilizokushusha zaidi, ni badiliko gani kwenye taarifa hizo lingebadilisha matokeo, na ni nani mwenye mamlaka ya kuupitia upya. Iandike, itie tarehe, tunza uthibitisho kwamba imepokelewa. Barani Ulaya wana mwezi mmoja wa kujibu, na wanaweza kuongeza miwili wakikueleza sababu. Hasira iache nyumbani, taja kifungu.

Utakumbana na visingizio, na viwili ndivyo tunavyoviona mno. Cha kwanza ni kwamba uamuzi si wetu, alama za mkopo, yaani namba inayokadiria kama utalipa, zimetoka kwa kampuni nyingine. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikifunga kichaka hicho tarehe 7 Desemba 2023 katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayotoa alama hizo. Iliamua kwamba mkopeshaji akizitegemea mno alama hizo, basi kule kuzitoa tu ni uamuzi wa mashine. Cha pili ni siri ya biashara. Mahakama hiyo hiyo, tarehe 27 Februari 2025, katika kesi iliyoihusu kampuni ya alama za mikopo ya Dun & Bradstreet Austria, ilisema mtu ana haki ya kuelezwa utaratibu na misingi iliyotumika kweli kwa taarifa zake, kwa lugha inayoeleweka, na kwamba kumtupia fomula ya hisabati hakutoshi. Anayedai siri aipeleke kwa mamlaka au mahakama ipimwe huko.

Kipo na kisingizio chembamba zaidi, cha kusema kwamba ombi lako lilipitiwa na ofisa wetu. Muulize ofisa huyo alitazama nini zaidi ya alama, na kama ana uwezo wa kuzipuuza. Mtu anayebofya "kubali" mara mia mbili kwa siku hajapitia chochote.

Jibu linaloridhisha lina umbo hili: "Ulishushwa na malipo mawili yaliyochelewa na muda mfupi wa ajira, bila ucheleweshaji huo ungepita." Marekani sheria ya fursa sawa za mikopo inamtaka mkopeshaji ataje sababu mahsusi za kukataa, na ugumu wa programu yake haumwondolei wajibu huo. Ukiandikiwa "hukukidhi vigezo vyetu vya ndani", rudisha barua.

Tumeweka roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yetu. Imemwahidi mteja marejesho ya fedha ambayo hatuyatoi. Tumfidie?
*Mfanyabiashara*

Ndiyo, na mapema. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kesi inayofanana na yako. Msafiri aliyefiwa aliambiwa na roboti ya Air Canada kwamba anaweza kuomba punguzo la msiba baada ya kusafiri, ndani ya siku 90. Ukurasa mwingine wa tovuti ulisema vinginevyo. Kampuni ilijitetea, pamoja na mengine, kwamba roboti ni kitu kinachojitegemea na kinawajibika kwa maneno yake. Baraza halikukubali. Tovuti ni ya kampuni, na kila kilichomo ni cha kampuni. Jumla iliyolipwa ilikuwa kama dola 812 za Kanada.

Tangazo la "majibu yanaweza kuwa na makosa" halitakuokoa peke yake. Bei, marejesho na tarehe visitungwe na modeli. Vichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye maandishi mliyoyaidhinisha, na swali lisilo na jibu humo lipelekwe kwa mtu. Tayarisheni maswali 50 ya kweli kutoka kwa wateja, yakiwemo ya kutega, na myapitishe yote kila mnapobadilisha modeli au maagizo yake, kwa sababu toleo jipya huweza kuharibu lililokuwa sawa jana. Tunzeni kumbukumbu za mazungumzo. Na mteja aambiwe tangu salamu kwamba anaongea na mashine.

Nasikia Ulaya wametunga sheria ya akili unde. Wengine wanasema inapiga marufuku, wengine wanasema imeahirishwa. Natengeneza programu ya kuchuja maombi ya kazi na mteja wangu mmoja yuko Ulaya. Inanihusu?
*Mtengeneza Programu*

Inakuhusu popote ulipo, maadamu unauza mfumo huko au matokeo yake yanatumika huko.

Ni Kanuni namba 2024/1689, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na inaingia kwa hatua. Marufuku zilianza 2 Februari 2025, mojawapo ikiwa kusoma hisia za wafanyakazi au wanafunzi kwa mashine, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Nyingine ni kuokoteza picha za nyuso mtandaoni ovyo ili kujenga hazina ya utambuzi. Wajibu wa wenye modeli kubwa za matumizi mengi ulianza 2 Agosti 2025. Sehemu kubwa iliyobaki ilipangiwa 2 Agosti 2026. Fununu ya kuahirishwa ina chanzo. Novemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kusogeza mbele masharti ya mifumo ya hatari kubwa, yaani inayoweza kuumiza usalama au haki za watu, kwa kuwa viwango vya kiufundi vya kuyatimizia vilichelewa. Kabla ya kupanga kalenda yako, soma kifungu cha 113, chenye tarehe hizo, katika toleo la karibuni kabisa.

Programu yako ni ya hatari kubwa. Kuchuja waombaji kazi kumetajwa kwa jina kwenye Kiambatisho cha III, pamoja na alama za mikopo, mitihani, mipaka na mahakama. Utatakiwa kuwa na utaratibu wa kudhibiti hatari, ushahidi wa ubora wa data, nyaraka za kiufundi, kumbukumbu zinazojiandika zenyewe, maelekezo kwa mtumiaji, na njia ya binadamu kuingilia. Kisha usajili kwenye hazina ya data ya Umoja wa Ulaya na alama ya CE, inayotangaza kwamba bidhaa inakidhi sheria za huko. Wengi hudhani lazima aje mkaguzi wa nje. Kwa mifumo ya ajira tathmini hufanywa na mtengenezaji mwenyewe. Usifurahi upesi, maana ukijitathmini vibaya saini ni yako. Kukiuka masharti haya kuna faini ya hadi yuro milioni 15 au asilimia 3 ya mauzo ya mwaka duniani kote. Kwa yaliyopigwa marufuku ni milioni 35 au asilimia 7. Kampuni kubwa hutozwa kwa kiwango kilicho juu kati ya hivyo viwili, ndogo kwa kilicho chini.

Kiufundi, mtego wa programu za ajira ni upendeleo uliofichama. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliacha programu ya majaribio iliyojifunza kutoka kwenye wasifu wa miaka kumi, wengi wao wakiwa wa wanaume. Ikajifundisha kushusha wasifu wenye neno linaloashiria wanawake. Kufuta safu ya jinsia hakusaidii, kwani jina la shule, michezo na mapengo ya ajira husema yale yale kwa mlango wa nyuma.

Pima hivi. Tuseme waombaji wanaume ni 200, wamepita 60, ambayo ni asilimia 30. Wanawake ni 150, wamepita 27, asilimia 18. Gawanya 18 kwa 30 upate 0.6. Miongozo ya ajira ya Marekani ya mwaka 1978 huona dalili ya ubaguzi uwiano ukishuka chini ya 0.8. Sheria ya Ulaya haikutaja namba hiyo, lakini ni kengele nzuri. Pima pia kwa umri na kwa makundi yanayoingiliana, na usihitimishe lolote kwenye kundi la watu kumi, ambapo mmoja akiongezeka uwiano wote unaruka.

Jiji la New York lilianza Julai 2023 kuwataka waajiri wanaotumia zana kama yako wahakikishe zinafanyiwa ukaguzi huru wa upendeleo kila mwaka na waweke matokeo hadharani. Watafiti walipowachunguza waajiri 391, walikuta ripoti kwa 18 tu. Hiyo haithibitishi kwamba waliobaki walivunja sheria, kwa sababu sheria yenyewe inamwachia mwajiri aamue kama zana yake inahusika. Waliotunga sheria wanajifunza.

Nasimamia usalama wa kituo kikubwa cha usafiri. Muuzaji wa kamera za utambuzi wa sura anasema zina usahihi wa asilimia 99.9 na ana cheti cha ISO 42001. Tununue?
*Mlinzi Mkuu*

Chukua kalamu, mkuu. Watu 50,000 wanapita kwa siku na wanaotafutwa miongoni mwao ni 10. Tuwe wakarimu tuseme kamera hukosea mara moja tu katika kila watu 1,000 wasio na hatia, na huwanasa 9 kati ya 10 wanaotafutwa. Kengele za uongo zitakuwa 50, za kweli 9. Kati ya kengele 59 kwa siku, 50 ni za kumsimamisha mtu asiyehusika. Ikilia, kuna uwezekano wa asilimia 15 tu kwamba ni yeye. Muuzaji hakudanganya, amekupa namba ya kamera wakati wewe ulihitaji namba ya umati.

Mwulize basi kiwango cha kengele za uongo kwenye mpangilio ule ule atakaokuuzia, kwa mwanga wa kituo chako, kwa umbali wa kamera zako, na kwa ngozi za watu wanaopita hapo. Hili la mwisho lina historia. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za biashara zilizotambua jinsia kwa sura. Kosa kwa wanaume wenye ngozi nyeupe lilikuwa hadi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Wastani ulikuwa umeficha yote hayo. Programu zimeboreshwa tangu hapo, lakini anayekuuzia wastani mmoja bado anakuficha kitu.

Kuhusu cheti, ISO/IEC 42001 ya Desemba 2023 hukagua namna kampuni inavyosimamia kazi zake za akili unde. Haikupima hata kamera moja. Ni kama kusifiwa kwa usafi wa jiko pasipo mtu kuonja chakula.

Na sheria? Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, Agosti 2020, iliona polisi wa Wales Kusini wamekosea kutumia kamera hizi kwa sababu, pamoja na mengine, haikuwekwa wazi nani anaweza kuingizwa kwenye orodha ya wanaosakwa na kamera zinaweza kuwekwa wapi, wala hawakuhakikisha ipasavyo kama programu inabagua. Marekani, mtu asiye na hatia alikamatwa na polisi wa Detroit mwaka 2020 baada ya programu kumfananisha na mwizi. Kesi yake iliisha mwaka 2024 kwa fidia ya dola 300,000 na kanuni mpya zinazokataza polisi wa jiji hilo kumkamata mtu kwa ulinganisho wa sura pekee.

Kwenye jibu la mwisho sisi wenyewe hatukukubaliana. Baadhi yetu wanasema kwa hesabu ile usinunue kabisa. Wengine wanakubali kwa masharti, yaani orodha fupi yenye idhini ya maandishi kwa kila jina, sura zisizolingana kufutwa papo hapo, na asisimamishwe mtu kabla walinzi wawili hawajalinganisha picha kwa macho, kila mmoja peke yake. Kama masharti hayo unaona hayatekelezeki kituoni kwako, basi jibu unalo.

Mwalimu amepitisha insha yangu kwenye programu ya kugundua maandishi ya mashine, ikasema asilimia 87. Niliandika mwenyewe. Nifanyeje?
*Mwanafunzi*

Pole, mwanetu. Hiyo 87 si uwezekano kwamba umedanganya. Ni alama ya jinsi maandishi yako yanavyotabirika, iliyovalishwa nguo ya asilimia.

OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao wakakiondoa Julai 2023 kwa udhaifu wake. Kwa vipimo vyao wenyewe kilinasa asilimia 26 ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu kwa asilimia 9. Katika darasa la wanafunzi 100 waaminifu, tisa wanaitwa ofisini. Wanaoandika kwa lugha ambayo si yao ya kwanza huumia zaidi. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walijaribu vigunduzi saba kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo za binadamu ziliitwa kazi ya mashine. Sababu ni kwamba mwenye msamiati mdogo hutumia maneno yanayotarajiwa, nacho kigunduzi husaka hayo hayo.

Usijibizane kuhusu asilimia. Kusanya historia ya matoleo ya faili inayoonyesha insha ikikua kwa siku kadhaa, karatasi za rasimu, vitabu ulivyoazima. Kisha omba uhojiwe kwa mdomo kuhusu insha hiyo, dakika kumi na tano zinatosha. Aliyeandika ataeleza kwa nini aliacha hoja fulani, aliyenakili atababaika. Omba pia, kwa maandishi, kanuni ya shule inayoruhusu adhabu kwa ushahidi wa programu pekee. Mara nyingi haipo.

Mama alipigiwa simu na sauti yangu kabisa ikiomba pesa. Kwa nini sheria isilazimishe kila sauti ya mashine iwe na alama?
*Binti*

Zipo zinazolazimisha. China tangu 1 Septemba 2025 inataka maudhui ya mashine yawe na alama ya kuonekana au kusikika, na nyingine iliyofichwa ndani ya faili. Kifungu cha 50 cha sheria ya Ulaya kinafanana na hilo. Ila alama huwekwa na mtiifu. Tapeli haweki, na hata iliyowekwa huweza kupotea mtu akipiga picha ya skrini au akirekodi upya.

Kinga ni njia ya pili. Mama akate simu, akupigie yeye mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo siku zote. Kubalianeni neno la siri la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa popote. Hata walio makazini hunaswa. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong aliona wakubwa wake kwenye mkutano wa video, wote wa bandia, akatuma takriban dola milioni 200 za Hong Kong kwa mafungu 15.

Nashtakiwa kazini kwa upotevu wa fedha. Ushahidi wote ni taarifa ya mfumo wa mwajiri. Hakimu atakubali tu kwa kuwa mashine imesema?
*Mtunza Fedha*

Inategemea sheria ya ushahidi ya nchi yako, na hapo ndipo panapotisha kuliko akili unde yenyewe. England kulikuwa na kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilifutwa kwa sheria ya 1999. Baada ya hapo ikadhaniwa kuwa kompyuta iko sawa hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, naye hana funguo za chumba cha mitambo. Katika miaka iliyofuata wasimamizi wa ofisi za posta walitiwa hatiani, zaidi ya 900 kwa jumla, kwa upungufu ulioonyeshwa na mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mwishoni mwa 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Horizon haikuwa akili unde. Ilikuwa programu ya kawaida ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitilia shaka.

Ilikuwa vivyo hivyo Australia na mpango uliopewa jina la Robodebt. Serikali ilichukua kipato cha mwaka cha mtu ikakigawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili. Aliyefanya kazi nusu mwaka akapata dola 26,000, kisha akakosa kazi na kupokea ruzuku nusu iliyobaki, hesabu ilimwonyesha akipata dola 1,000 kila kipindi, hata alipokuwa hana kitu. Akaandikiwa deni. Kugawanya tu, hesabu ya shule ya msingi, na tume ya kifalme ya uchunguzi iliyotoa ripoti Julai 2023 ililaani mpango mzima.

Kwa hiyo usimshawishi hakimu kwamba mashine ni mbaya. Omba, kupitia wakili au chama chako, kumbukumbu ghafi za mfumo kwa siku zinazobishaniwa, pamoja na majina ya watumiaji na saa. Orodha ya hitilafu zilizoripotiwa kwa mtengenezaji katika kipindi hicho. Orodha ya wenye uwezo wa kuingia kwa mbali na kubadilisha hesabu. Na kama wapo watumishi wengine wenye upungufu usioelezeka. Hilo la kuingia kwa mbali usilisahau, kwa maana lilikanwa kwa miaka katika sakata la Horizon kisha likathibitika.

Na usingoje tarehe ya kesi. Hata sheria ya Ulaya, kwa mifumo ya hatari kubwa, inataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miezi sita tu, na mifumo mingine haina hata sharti hilo. Barua ya kumtaka mwajiri asifute chochote iende wiki hii, yenye tarehe, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.